Gauni la Marehemu Mama



Mfungo Mosi uliopita alikuja dukani kwangu Kariakoo bibi harusi mtarajiwa, kashika gauni la marehemu mama yake. Lesi nzima, lakini bitana imeoza na mishono ya kwapani inaachia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hili halishoneki. Chukua kitambaa kipya." Kumbe moyoni nilishapiga hesabu ya faida.

Hakujibu. Alilikunja taratibu, akakaa kumsubiri shangazi yake.

Pembeni mwanangu alikuwa anatazama kwenye simu ile treni ya michezo inayopanda juu na kushuka kwa kasi, watu wanapiga mayowe. Akanisomea: iko Cedar Point, Ohio, Marekani. Ilijengwa kwa mbao mwaka 1991, ikafungwa 2016. Hawakuibomoa yote, waliacha nguzo nyingi za mbao, wakaweka reli mpya za chuma. Mwaka 2018 ikafunguliwa tena kwa jina la Steel Vengeance, mita 62 kwenda juu, kupita ilivyokuwa mwanzo.

Nikaona haya. Nikamwita yule binti, tukalifumua gauni. Nikabadilisha bitana, zipu na kila mshono unaovutwa. Lesi ya mama ikabaki juu. Nikachukua hela ya ufundi tu.

Siku ya harusi shangazi alilishika lile gauni, akashindwa kusema.

Dada zangu, kabla hamjaja Kariakoo, fungueni kwanza sanduku la mama. Na sisi mafundi tumwogope Allah katika hesabu zetu.