Kuba la Kijani Katika Mashamba ya Uingereza



Katika jimbo la Gloucestershire, karibu na mji mdogo wa Moreton-in-Marsh, lipo jumba ambalo mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti. Linaitwa Sezincote. Juu ya paa limeketi kuba kubwa la shaba iliyogeuka kijani kwa umri, na pembeni mna vijinara. Upenu wake ni mpana, kama wa nyumba za nchi zenye jua kali, na matao ya madirisha yamekunjuka mfano wa mkia wa tausi. Lakini hapana mihrabu wala adhana. Ni nyumba ya kuishi, na vyumba vyake vimepambwa kwa mtindo wa Kigiriki uliopendwa na matajiri wa Kiingereza wa zama hizo.

Jumba hili lilijengwa kuanzia mwaka 1805 hivi kwa ajili ya Charles Cockerell, aliyechuma mali Bara Hindi akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Msanifu alikuwa nduguye, Samuel Pepys Cockerell. Mshauri wao, Thomas Daniell, alikuwa mchoraji aliyezunguka Bara Hindi akichora majengo yake. Wakachanganya mambo: juu ya nyumba wakaweka kuba la wafalme Waislamu wa Mughal, na bustanini wakaweka sanamu za ng'ombe na hekalu la mungu-jua wa Kihindu. Kwao yote yalikuwa pambo.

Kuba lililojengewa sala lilikuja baadaye. Mwaka 1889 ulijengwa mjini Woking Msikiti wa Shah Jahan, uliopewa jina la malkia wa Bhopal aliyeugharimia. Leo majengo yote mawili yamo katika daraja la kwanza la majengo yanayohifadhiwa kwa sheria ya Uingereza.

Basi watoto wetu wakiambiwa kwamba kuba ni jambo geni katika nchi hii, wajue kwamba limekuwapo kwa zaidi ya miaka 200. Wajue pia kuuliza mali iliyolijenga ilitoka wapi, kwani uzuri wa jengo haufuti historia yake.

Atakaye kuzuru Sezincote akumbuke kuwa ni makazi ya watu. Hufunguliwa kwa siku maalumu tu. Msikiti wa Woking ungali ukisaliwa.