Mzee Wetu

Utotoni nilikuwa na hakika moja: naijua sura ya babu yangu. Alitundikwa sebuleni kwa nyanya, Kibarani. Mzee wa kuchorwa kwa rangi ya mafuta, kilemba cheupe, shavu moja limebanduka rangi. Wageni wakiuliza ni nani, nyanya alijibu, "Mzee wetu." Basi. Shuleni nikajisifu kwamba pua yangu ni yake.

Nilipofika darasa la sita, mama akaniambia huku akichagua mchele, bila hata kuniangalia: "Picha ile nyanyako aliiokota jaani."

Jaa la Kibarani, lile lililowafanya abiria wa matatu za Changamwe wafunge madirisha. Siku hizi pamepandwa miti, lakini wakati huo nyanya alikuwa akiokota chupa na vyuma pale. Babu mwenyewe aliondoka kabla mama hajazaliwa. Hakuacha hata picha ya kipande.

Nilikasirika miaka na miaka. Yaani nimerithi pua ya takataka?

Mwaka jana, nikiwa nishaacha chuo kwa sababu ya karo na natafuta vibarua vya kuandika, nikakutana na kisa cha Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyekuja Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945. Alichora watu wa kule, na mmoja wao, wa 1939, alivaa nyeusi. Baadaye picha hiyo ilitolewa ili kuchangisha pesa za kuwatetea Mandela na wenzake kwenye kesi ya uhaini. Ikapotelea machoni pa watu, mpaka ilipoonekana kwenye fleti moja London, jikoni, imebandikwa barua na bili kama ubao wa matangazo. Mwaka 2015 ikauzwa kwenye mnada wa Bonhams kwa zaidi ya pauni 800,000.

Bei tunaijua. Mchoraji tunamjua. Jina la picha linasema tu ni Mwarabu aliyevaa nyeusi. Jina lake yeye halimo. Na huyo alikuwa mtu wa watu: labda ana vitukuu Unguja, ama hapa Mji wa Kale, wenye pua yake, wanampita kwenye simu wakiperuzi.

Nikamwonyesha nyanya. Akaikazia macho.

"Huyu ni nani?"

"Hajulikani, nyanya. Aliyemchora ndiye anayejulikana."

Akanirudishia simu. "Huyo ana wenyewe. Na wako je, umempangusa vumbi?"

Nikapanda kigoda, nikamshusha, nikampangusa kwa kipande cha leso. Kabla ya kumrudisha ukutani nikaigeuza fremu, nikatafuta jina nyuma. Nilishawahi kutafuta, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikatafuta tena.