Sitara na Uso wa Mgonjwa



Daktari wa familia anapopima mishipa ya fahamu, mtazamaji hudhani ni mchezo. Humtaka mgonjwa atabasamu, ainue nyusi, anyooshe mikono huku amefumba macho, aguse pua yake kwa kidole, kisha atembee. Humgonga chini ya goti kwa kinyundo na kummulika mboni za macho. Lakini kwa mkaazi wa Mandera, karibu kilomita 1,000 kutoka Nairobi, vipimo hivyo visivyo na gharama ndivyo viamuavyo nani akimbizwe hospitali kubwa na nani atibiwe papo hapo.

Tulipokuwa huko kwa da'awa, tulifuatana na familia moja kwenye zahanati. Mama yao alikuwa ameamka mdomo umepinda. Daktari, ambaye ni mwanamume, aliomba nikabu iinuliwe. Kijana wake akakataa, akatugeukia:

“Sheikh, hooyo haonwi uso na asiye maharimu wake.”

Tukamwambia: “Mwanangu, wivu wako ni wa heshima. Angekuwapo daktari wa kike tungemtanguliza. Leo hayupo, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Simama hapa karibu naye, kifunuliwe kinachohitajika tu.”

Nikabu ikainuliwa. Daktari akamwomba akunje paji la uso. Alitueleza kuwa paji likilegea pamoja na mdomo, mara nyingi ulioathirika ni mshipa wa uso wenyewe. Paji likikunjika sawasawa na mdomo ukabaki umepinda, huhofiwa kiharusi. Paji la mama lilikunjika vyema. Alipoinua mikono, wa kulia ukashuka polepole. Hapo hapo akapelekwa hospitali kubwa, kwani kiharusi huhesabiwa kwa saa.

Enyi wazazi, kisomo na hospitali havigombani. Msicheleweshe kimoja kwa kungojea kingine. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwani daktari atawauliza. Na wasomesheni mabinti. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha madaktari bingwa wa tiba ya familia tangu mwaka 2005, na Bibi Rufaida, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwatibu majeruhi katika zama za Mtume (s.a.w.). Anayetaka mkewe apimwe na mwanamke, na amsomeshe binti yake awe daktari.

Wabillahi tawfiq.