Theluji, Tui na Nyota Isiyoonekana: Tafakari Juu ya Tashibihi za Kiingereza

Katika nyumba moja ya Mbezi Beach, kati ya Barabara ya Bagamoyo na bahari, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliletewa na mjukuu wake daftari lenye alama mbili za kosa. Zoezi lilihusu tashibihi. Palipotakiwa kitu cheupe, jibu lililotarajiwa lilikuwa theluji. Mtoto aliandika tui la nazi. Palipotakiwa kiumbe mwenye hekima, aliacha pengo, ingawa darasani walikwisha kuambiwa kuwa ni bundi.

"Babu, bundi ana hekima gani?" aliuliza.

Mzee hakujibu upesi. Kwa miaka mingi naye alikuwa amewanyima wanafunzi wake alama kwa majibu ya namna hiyo, wala hakupata kujiuliza ni kosa gani hasa alilokuwa akiliadhibu.

Tashibihi ina viungo vinne: kinacholinganishwa, kinacholinganishwa nacho, sifa inayoviunganisha, na neno la kulinganishia. Katika misemo ya Kiingereza aliyopewa mtoto, sifa hutajwa waziwazi, nayo huzungukwa na neno 'as' pande zote mbili. Kiswahili hutumia 'kama', 'mithili ya' au 'mfano wa', na aghalabu sifa yenyewe huachiwa msikilizaji aitambue. Aidha, pale ambapo Mwingereza hutumia tashibihi kwa ajili ya msisitizo tu, Mswahili huweza kutosheka na 'nyeupe pe', 'nyeusi ti' au 'nyekundu ndu', bila kulinganisha na kitu chochote.

Hata hivyo, alama ile ya kosa haikukosa hoja. Tashibihi nyingi za Kiingereza zifundishwazo shuleni ni misemo iliyokwisha kuganda, na mwenye kujifunza lugha hana budi kuijua ilivyo. Kiswahili nacho kina yake. Husemwa 'kimya kama maji mtungini', na watu wawili hufanana 'kama shilingi kwa ya pili'. Mgeni akiyahamishia maji yale katika ndoo ataeleweka, lakini atachekwa. Kwa hiyo mtoto alikosea msemo, hakukosea ulinganisho. Weupe wa tui aliuona kila siku lilipokamuliwa jikoni, ilhali theluji aliijua kwa jina tu. Ama bundi, hekima yake imetoka kwa Wayunani wa kale, waliomhusisha na Athena, mungu wao wa hekima. Katika pwani hii mlio wake ni uchuro.

Mzee alikumbuka tamthilia za Shakespeare alizozifasiri Julius Nyerere. Katika Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, huruma inalinganishwa na mvua inyeshayo taratibu kutoka mbinguni. Ulinganisho huo hauhitaji ufafanuzi, maana mvua ni ya kila mahali. Lakini katika Juliasi Kaizari, muda mfupi kabla ya kuuawa, Kaizari anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake. Mbezi Beach iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mtu akisimama ufukoni usiku kucha hataiona nyota hiyo, kwa kuwa daima iko chini ya upeo wa macho. Mabaharia wa majahazi yaliyokwenda Omani waliiona baada ya kuvuka ikweta. Wasiosafiri hupaswa kusimuliwa.

Hapo ndipo mzee alipoliona kosa lake. Hakukosea kuwafundisha wanafunzi theluji, bundi na nyota ya mbali. Alikosea kuwadai vitu hivyo bila kuwasimulia habari zake, na kuyafuta yale waliyoyaona kwa macho yao kana kwamba hayafai kulinganishiwa. Wengi wao sasa ni watu wazima, na alama zile haziwezi kurudishwa.

Alichukua kalamu. Hakuifuta alama ya mwalimu wa mtoto. Chini yake aliandika kwamba msemo wa Waingereza ni theluji, na kwamba tui nalo ni jeupe kweli. Kisha akamwambia mjukuu wake aketi, akaanza kumweleza habari za bundi wa Athena.