Sehemu ya Injini Niliyoiruka



Jumamosi iliyopita tulikuwa kama kumi hivi pale kwenye kibanda cha kuchajia simu, tumebanana mbele ya simu moja yenye kioo kilichopasuka, tunaangalia Lata Velha. Kwa wasiokijua, ni kipindi kilichokuwa ndani ya programu ya Luciano Huck kwenye televisheni ya Globo ya Brazil. Jina lenyewe maana yake bati kuukuu, sisi tungesema mkweche tu tukaelewana. Mtu ana gari lake limechoka, linachukuliwa, linavunjwavunjwa, linatengenezwa upya, na kabla hajakabidhiwa lazima apande jukwaani afanye jambo mbele ya watu. Gari likitokea analia. Na sisi tunapiga kelele.

Ila safari hii kelele zilikuwa za aina nyingine. Kabla hata watu hawajasifia rangi, dogo mmoja ambaye sidhani kama amefika miaka 14 akauliza, "Linabeba watu wangapi hilo?" Mwingine akadakia, "Na kwenye mchanga linapita?" Hakuna aliyecheka. Nikaona bora niandike, maana mi na kipindi kile tuna kesi yetu ya tangu 2019.

Mwaka ule Palma ilikuwa na pesa. Aprili kimbunga Kenneth kilitupiga, Juni wenye gesi wakatia saini kwamba mradi wa Afungi unajengwa kweli, na baada ya hapo kila aliyekuwa na kitu chenye magurudumu akawa mtu muhimu. Wageni wanatoka Pemba, Nampula, Maputo, wengine Tanzania, wote wanataka kufika kazini. Mjomba wangu alikuwa na Hilux, pikapu ya kizamani, anabeba abiria wa Palma na Mocímboa da Praia, na mi ndiye nilikuwa mkusanya nauli wake, nasimama nyuma. Ninyi mliotoka nje huenda hamjui kwamba pikapu za kubeba watu hapa Msumbiji zinaitwa "my love". Ni kwa sababu mnasimama wengi nyuma bila kitu cha kushika, basi mnashikana ninyi kwa ninyi msidondoke. Nimeshakumbatiwa na wauza samaki wengi kuliko mwanaume yeyote wa umri wangu.

Jioni madereva walikusanyika kwenye baraka moja karibu na soko. (Baraka kwa maana ya kibanda cha vinywaji kwa Kireno, si ile ya Mungu, ingawa mwenye kibanda alipenda kuchanganya makusudi.) Mpira ukiisha, mwenyewe anachomeka flashi, na kwenye flashi kulikuwa na mambo mawili tu, filamu za ngumi na magari yanayotengenezwa. Alikuwa na Lata Velha, na alikuwa na Pimp My Ride ya Marekani, ile ya MTV iliyoanza 2004 na mwanamuziki Xzibit. Ile ya Wamarekani ndiyo ilikuwa wazimu kamili. Gari limekula kutu mpaka chini, wao wanafunga skrini, mashine za gemu, spika zinajaa buti lote.

Sasa, madereva wengi pale walikuwa watu wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Kireno wanakijua cha polisi wa barabarani tu. Mi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Nilisimama pembeni ya televisheni, soda ya bure mkononi, nikawa nasimulia kwa Kiswahili kama wale jamaa wa Tanzania wanaotia sauti kwenye filamu. Na nilitia chumvi bwana. Mtangazaji akisema neno moja mi nasema sita.

Watu waligawanyika. Kulikuwa na upande wa rangi na upande wa injini. Upande wa rangi ni makonda, wapiga debe na vijana wa pikipiki. Upande wa injini ni madereva wazee wawili watatu na fundi mmoja mnene ambaye alikaa kila siku kwenye kreti lilelile. Gari likitoka limeng'aa, sisi tunaruka juu. Fundi anasubiri tutulie, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Boneti wamefungua?" Basi ugomvi unaanza. Mwingine anamwambia, mzee, wale ni Wamarekani, injini yao itakuwa nzima. Fundi anajibu kwamba injini nzima hailetwi na gari lililochoka namna ile. "Yule akifika kwake, akiwasha asubuhi, ile televisheni itamsukuma?"

Tulimwona mchawi wa furaha. Miaka baadaye nikiwa Pemba nimepata bando ndio nikasoma kwamba mwaka 2015 baadhi ya washiriki wa Pimp My Ride walieleza wenyewe kwamba vitu kadhaa viliondolewa baada ya kurekodi, na kwamba chini ya ile rangi magari mengine yaliendelea kuumwa vilevile. Fundi hakuwa na intaneti. Alikuwa na masikio tu.

Lakini ile ya Brazil ilikuwa tofauti kidogo, na hapa ndipo kesi yangu ilipo. Jioni moja kwenye Lata Velha, katikati ya rangi na viti, fundi wa Kibrazili alisimama karibu na injini iliyoshushwa chini akaeleza kwa urefu, walichobadilisha, walichosafisha, na kwa nini. Mi nilikuwa nimechoka, tena ile sehemu ilinichosha zaidi. Nikaikata. Nikasema, "Anasema gari sasa litakuwa zuri sana, litakuwa na muziki."

Fundi wetu akanigeukia. "Mbona yule ameongea mengi, wewe umetafsiri machache?"

Watu wakacheka, nikacheka na mimi, tukaendelea.

Sasa niwaeleze kuhusu Hilux. Ilikuwa na injini ya 2L. Wapenzi wa Toyota wanajua, wengine niwafafanulie: 2L si lita mbili, ni jina la injini, ya dizeli, ukubwa wake lita 2.4. Ni injini mvumilivu kwa mambo mengi isipokuwa moja, joto. Ukiipandisha joto mara kwa mara silinda hedi inapasuka. Na rejeta ya mjomba ilikuwa imeshachomelewa mara mbili. Tulitembea na madumu ya maji nyuma, abiria wanayakalia.

Mwishoni mwa 2019 mjomba alikuwa na akiba. Alikuwa amepanga rejeta mpya, gasketi, na hedi ikaguliwe. Vipuri vilipatikana, vikikosekana Mocímboa unaagiza Mtwara. Lakini alikuwa anakuja baraka kila jioni na yeye, anakaa nyuma kabisa, anaangalia. Siku moja tukiwa tunaosha gari akaniuliza: "Mpwangu, wale Wabrazili wanaanza na nini?"

Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anavyomuuliza aliyesoma.

Nikamwambia wanaanza na bodi. Nikamwambia abiria haoni rejeta, anaona rangi, na mwenye pesa za gesi atapanda gari linalopendeza. Sikuwa nadanganya kila kitu. Hilo la abiria lilikuwa kweli. Ila mi nilitaka spika. Nilijiona nimesimama nyuma, muziki unapiga, wasichana wa soko wanageuka.

Basi tukapaka bluu ya bahari na mstari mweupe. Taa za LED chini ya bodi, spika mbili, na kwenye mlango wa nyuma tukaandika "MUNGU HALALI". Siku lilipotoka, vijana wa baraka walilisindikiza mtaani kama bibi harusi. Hata wazee wa upande wa injini walikuja kulishika. Fundi alizunguka mara moja, akatazama chini palipokuwa na tone la maji, akampa mjomba mkono wa pongezi. Hakusema kitu. Pesa ziliingia, siwezi kukana. Miezi kadhaa hakuna pikapu iliyojaa kama yetu.

Halafu 2020. Barabara ya Mocímboa ikawa ya hatari, Agosti mji ukachukuliwa, Palma tukabaki kama kisiwa. Mchele ukapanda, mafuta yakapanda, mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, na rejeta ya Hilux hata ukiwa na pesa haikuwepo. Mjomba akawa anaenda safari fupifupi tu za vijiji vya karibu. LED zikazimwa ili kuhifadhi betri.

Tarehe 24 Machi 2021, Jumatano, ndiyo siku ambayo kampuni ya gesi ilitangaza kwamba kazi zinarudi. Alasiri risasi zikaanza. Sitaeleza yote, wengi wenu mlikuwepo, na wasiokuwepo wameshasoma. Mtu yeyote mwenye gari alikuwa na dakika chache za kuamua. Mjomba alipakia majirani, watoto, mgonjwa mmoja aliyebebwa na kitanda chake cha kamba, na bibi yangu mzaa mama, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa kutembea. Sikuhesabu. Ilikuwa my love kuliko siku zote. Tukashika njia ya Quitunda.

Nilisikia kabla sijaona. Dereva yeyote anaijua ile sauti, injini inaanza kulalamika, nguvu inapungua kwenye mchanga, halafu mvuke. Mjomba alizima, tukamimina madumu yote mawili, akawasha, tukaenda kidogo, ikazima yenyewe. Hapo ikawa imekufa. Watu walishuka bila kuambiwa. Hakuna aliyetukana. Mgonjwa alibebwa na wanawe. Mimi na mjomba tulimbeba bibi kwa zamu mgongoni, usiku, porini, mpaka Quitunda. Alikuwa mwepesi sana, na kila tulipobadilishana alituomba samahani.

Alifika hai, nashukuru. Alifariki mwaka uliofuata Pemba, kwa maradhi yake.

Mjomba aliporudi Palma kutazama mali yake, Hilux ilikuwa palepale pembeni ya njia. Injini hakuna, gia boksi hakuna, hata springi zimeng'olewa. Spika waliacha moja, imeoza kwa mvua. Bodi ilikuwepo nzima, bluu ya bahari, "MUNGU HALALI" inasomeka vizuri kabisa. Fundi, ambaye naye alirudi, alipoiona alisema waliochukua vitu hivi hawajawahi kuangalia televisheni. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania.

Niseme kitu kwa watu wa mashirika hapa, mkiniruhusu. Mnadhani vijana wanayazunguka yale magari yenu meupe kwa sababu wanataka kuomba. Wengine ndiyo. Lakini wengi wanayasoma. Ile Land Cruiser ya 70, muundo uliotoka 1984 na mpaka leo unauzwa, yenye bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka juu ya paa, vyuma vya mbele, antena ndefu, hiyo nayo ni gari la kutengenezwa. Kuna kampuni Gibraltar kazi yake ni kuchukua Toyota mpya na kuzifungia vitu hivyo kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika. Hakuna anayelia gari likitolewa, hakuna muziki, lakini kila kitu kilichoongezwa kina jibu ukiuliza cha nini. Dogo wa swali la abiria wangapi anaweza kukutajia kila kimoja. Siku moja mfungulieni boneti, hatagusa kitu.

Mwezi uliopita nilimwambia mjomba. Tulikuwa tumekaa nje, giza, na giza linasaidia. Nikamweleza ile jioni ya baraka, kwamba yule Mbrazili alikuwa anazungumzia injini na mi niliruka, na kwamba aliponiuliza wanaanza na nini nilijua jibu.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Fundi aliniambia siku ileile. Kireno cha injini anakielewa."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukununua rejeta?

"Na mimi nilitaka muziki, mpwangu."

Bodi sasa ipo nyumbani, juu ya matofali chini ya mkorosho. Mjomba na fundi wamepata injini ya 3L iliyotumika, kutoka Nampula, na msianze tena, 3L ni lita 2.8. Rejeta ni mpya, ipo kwenye boksi lake ndani, chini ya kitanda cha mjomba, anaifuta vumbi. Madogo wa kibanda cha kuchajia wanakuja kila jioni kushika spana, na fundi kakaa kwenye kreti lake anawauliza maswali. Dizeli ikipatikana Jumamosi tunaiwasha. Mlangoni maandishi bado yapo, ila upande wa kushoto umeanza kuota kutu, na mjomba amekataa mtu yeyote asinunue rangi.