Matondoni, Kijiji Kinachosikiliza Mbao

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Atokaye mjini huifikia kwa mashua au kwa miguu. Kwa vizazi vingi wenyeji wake wameishi kwa kuunda na kutengeneza vyombo vya baharini, na kwa kusuka mikeka.

Hapo ndipo ami yangu alipoipandisha mashua yake kuukuu, siku moja kabla ya kutuvusha na watoto kwenda Pate harusini. Fundi, mzee wa maneno machache, hakuligusa tanga. Aliiteremsha foromali, akaigonga kwa nyundo huku akisikiliza, kwani mti mzima hulia na uliooza hunyamaza. Akaipitisha henza vidoleni, shibiri kwa shibiri. Mwisho akaifungua gofia: msumari wake ulikwisha liwa na kutu hadi nusu.

Gofia ikivunjika, henza huachia, na foromali nzito huwaangukia abiria walioketi chini yake.

“Maalim, harusi ni kesho,” ami alisihi. “Tutatawakali, Mungu yupo.”

“Yupo, nahodha,” fundi akajibu, “na msumari huu ndiye aliyekuonyesha leo.”

Alitia msumari mpya, akaikata henza palipochakaa. Tulifika Pate akidi imekwisha kufungwa, tukala pilau iliyopoa. Nilipowahesabu watoto gatini, wote wakiwa wazima, sikuona kwamba tulichelewa.