Mabamba ya Liemba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mpwa wangu amekubali shingo upande: meli tutakayoijenga Minecraft likizo hii ni MV Liemba, si manowari aliyoitaka yeye. Nimemwambia Liemba yenyewe iliwahi kuwa manowari, akanyamaza. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli. Kule ikaunganishwa upya, ikaingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea.

Hesabu za usiku huu: urefu karibu mita 71, upana kama mita 10. Kwenye Minecraft bloku moja ni mita moja. Kuta mbili za bloku kamili zinameza mita mbili kati ya hizo kumi, na hapo bado vyumba na mapito. Chuma kimekuwa kinene kama ngome ya Wareno. Lazima tupate bamba jembamba.

Jumapili, 6 Julai

Bamba lenyewe ni trapdoo ya chuma, yaani mlango wa kifuniko. Unene wake pikseli 3, na bloku nzima ina pikseli 16. Iliingia mchezoni na toleo la 1.8, Septemba 2014, na toleo la 1.9 ndilo lililoziruhusu trapdoo zote kukaa hewani bila bloku ya kuzishikilia. Kwa fundi wa mapambo, ruhusa hiyo ndiyo iliyofungua kazi yote hii.

Mpwa amenijia juu: “Mjomba, unaweka mlango halafu haufunguki?” Ndiyo, na ndiyo sababu ninautaka. Trapdoo ya mbao ukiigusa inafunguka. Wageni wanaoingia kwenye seva yetu hawana simile, kila kitu wanakibonyeza, na wakiondoka nusu ya ukuta umeachwa umening’inia. Ya chuma haimjui mtu. Haifunguki wala haifungiki kwa mkono, inatii umeme wa redistoni tu.

Bei yake ndiyo inayouma. Trapdoo moja inakula vipande vinne vya chuma, kwa hiyo fungu la 64 ni vipande 256. Nasi tunajenga kwenye dunia ya kujichimbia wenyewe. Jioni yote tumeshinda shimoni.

Jumatatu, 7 Julai (Saba Saba)

Sikukuu, basi siku nzima ya kazi. Leo dohani.

Trapdoo ya chuma ukiibandika ubavuni mwa bloku inalala kama rafu. Ili isimame na kulibana ukuta, lazima ifunguliwe, na kuifungua ni redistoni. Wengi hapa huanza kuficha swichi na nyaya nyuma ya ukuta mpaka nyumba inakuwa nene kuliko ilivyokuwa. Njia fupi ni kuifanya nguzo yenyewe iwe umeme: unapanga bloku za redistoni moja juu ya nyingine, kisha unabandika trapdoo pande zote nne. Kila moja, ikigusana tu na redistoni, inasimama papo hapo na kuifunika bloku iliyoisimamisha. Hakuna waya, hakuna swichi.

Nimesogea karibu kuitazama. Nguzo ya mita moja imenenepa pikseli 3 kila upande, jumla pikseli 22, yaani mita 1.375. Kipimo hicho hukipati kwa bloku kamili hata ukeshe. Pembeni, mabamba mawili yanapokutana, panabaki kipengo cha pikseli 3 kisichofunikwa, na kwa mbali kipengo hicho kinayadanganya macho: dohani inaonekana imeviringwa. Kwenye matundu ya bamba wekundu wa redistoni unachungulia. Mpwa alitaka kuuziba. Nimemkataza, dohani ni ya moto.

Dohani ya bloku sita imetugharimu trapdoo 24, yaani chuma 96, na unga wa redistoni 54.

Jumatano, 9 Julai

Leo nyavu za sakafuni juu ya chumba cha injini. Hapa trapdoo inalala, kwa hiyo haihitaji umeme. La kuangalia ni pale unapobonyeza: ukibonyeza nusu ya juu ya ubavu wa bloku ya jirani, trapdoo inakaa sawa na sitaha; ukibonyeza nusu ya chini, inazama na mguu unatumbukia. Taa tumeziweka chini yake. Trapdoo haizuii mwanga, basi usiku sitaha inawaka kutokea chini kama vile kuna watu kazini.

Tahadhari moja kwa atakayeendeleza: wavu usigusane na bloku ya redistoni ya dohani, utafunguka. Ukiacha bloku moja ya kawaida katikati, wavu hausikii kitu.

Ijumaa, 11 Julai

Mpwa ameleta trapdoo za shaba, zile zilizokuja na toleo la 1.21, Juni 2024. Hizi zinafunguka kwa mkono, na zinashika kutu hatua kwa hatua, kutoka wekundu wa shaba mpya hadi kijani kibichi. Ukiipenda hatua fulani unaipaka sega la asali, inaganda hapo. Ukighairi, unakwangua kwa shoka. Tumezipa kazi ya vifuniko vya ngazi za mabaharia, maana pale mtu anapita kweli. Moja tumeiacha iendelee kuoza.

Chini kwenye mstari wa maji tumerudi kwenye chuma. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2018, trapdoo na maji vinakaa ndani ya bloku moja, kwa hiyo ziwa linaligusa bamba lenyewe. Zamani pangebaki pengo la hewa kati ya maji na ubavu wa meli.

Jumapili, 13 Julai

Ubavu wa kushoto umekamilika. Mpwa sasa anataka kuzibandika hata kwenye vitanda na meza za abiria. Nimemwandikia sheria ukutani mwa chumba cha nahodha: pa kupita mtu, shaba au mbao, pa kutazamwa tu, chuma, na ukuta wowote utakaokuwa trapdoo tupu, bomoa nusu, kwa sababu bamba halionekani bamba mpaka liwe na ukuta mtupu wa kulizunguka. Amebomoa meza nne. Meli imependeza zaidi.